Sahihi ya Mzee Gordon

"Mimi sijasaini kitu."

"Mzee, jina si hili hapa? Namba hamsini na tatu, Gordon Owiti. Hii namba ya simu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na nyumba D kumi na moja?"

"Yangu. Lakini sahihi hiyo si yangu. Ona mkono huu unavyotetemeka. Mimi nikiandika, herufi zinalaliana kama walevi. Huyu ameandika kama mwalimu."

"Basi labda siku hiyo ulikuwa na nguvu. Karatasi inasema ulikuja kwenye kikao na ukakubali zahanati ifungwe. Imeshaingia kwa mfumo."

"Itoe."

"Mfumo hautoi, mzee. Unapokea tu."

Watu waliokuwa langoni mwa zahanati walicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kukosana na afisa. Afisa mwenyewe alikuwa mama mmoja mwenye koti la bluu na tableti mkononi. Alikuwa ametumwa kuhakikisha zahanati ya mtaa imefungwa kabla ya saa sita, na nyuma yake vijana walikuwa wanapakia vitanda kwa lori. Mzee Gordon alisimama akiegemea ukuta, mguu wa kushoto umefungwa bendeji kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo. Kando yake alisimama Ifrah, msichana wa miaka kumi na mbili, amemshikia kigoda. Ifrah alijua ni nani aliyeandika namba hamsini na tatu. Ni yeye. Na alinyamaza.

Alifikaje hapo? Sikiliza.

Ifrah aliishi na mama yake, Kawsar, kwenye nyumba za zamani nyuma ya Soko la Burma, kule moshi wa nyama choma unaingia kwa nguo ukiwa umeanika na ukiwa umevaa. Kawsar aliuza chai na viazi karai kwa watu wa vibarua wanaopita alfajiri kwenda Industrial Area. Mzee Gordon alikaa mlango wa pili. Alikuwa amefanya kazi ya reli miaka thelathini. Mke alikufa, watoto wako mbali. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwachia kidonda mguuni kisichopona, kwa hiyo siku moja ndiyo, siku moja hapana, alienda zahanati, nesi akamwosha na kumfunga upya. Kutoka mlangoni kwake hadi pale ni hatua mia mbili tu.

Jioni, akitoka shule, Ifrah alimsomea habari kwenye simu, maana macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Mzee Gordon hakuwa mtu wa kusikiliza habari. Aligombana nazo.

"Wanasema mafuta yamepanda bei, babu."

"Mara ya ngapi mwaka huu?"

"Hawajasema."

"Wamechoka kuhesabu. Endelea."

"Wanasema siku hizi kompyuta inaweza kufikiri kama mtu."

"Waipeleke bungeni, ikawafikirie wale."

Ifrah alicheka mpaka simu ikataka kumponyoka.

"Usicheke," mzee alisema. "Watu wenye akili wako wengi hapa nchini. Shida ni kwamba hakuna anayewauliza. Na wakiulizwa, anayeuliza anakuja na jibu lake mfukoni."

Halafu tangazo likabandikwa. Zahanati itavunjwa, lijengwe soko la ghorofa nne. Lakini sheria inataka wananchi waulizwe kwanza, kwa hiyo kungekuwa na kikao Jumamosi, kwenye ukumbi wa mtaa. Mzee Gordon aliapa ataenda kupinga. Jumamosi ikafika, mguu ukaamka umevimba, hata ndara haikuingia. Wengine nao hawakwenda. Kuna waliokuwa kazini, na kuna waliosema mambo yameshaamuliwa, ya nini kupoteza siku. Ndivyo tunavyonyang'anywa vitu hapa kwetu, tukiwa tumekaa nyumbani tunalalamika kwamba hatusikizwi.

Ifrah alienda, kwa sababu ya soda na mkate vilivyogawiwa huko. Ukumbini kulikuwa na viti mia mbili na watu ishirini na kitu. Jamil, kijana wa mtaa aliyepewa kazi ya kushika karatasi za mahudhurio, alikuwa anatokwa na jasho.

"Ifrah, si wewe ndiye una mwandiko mzuri?"

"Kiasi."

"Unawajua majirani zako? Majina, nyumba?"

"Wote. Hata namba za simu, mama yuko kwa grupu ya WhatsApp ya maji ya mtaa."

"Basi niandikie. Ni mahudhurio tu, ionekane watu walikuja. Nitakutumia bando ya intaneti ya wiki nzima."

Juu ya kila karatasi kulikuwa na mistari miwili ya herufi ndogo. Ifrah, aliyesoma habari za dunia nzima kila jioni, hakuisoma hiyo. Alichukua kalamu tatu. Jina moja aliliandika kwa mkono wa kulia, lingine kwa wa kushoto, lingine akalilaza upande. Aliona raha, niseme ukweli. Alipofika kwa Mzee Gordon alisita kidogo. Lakini ni mahudhurio tu, alijiambia, na babu si alitaka kuja? Akaandika.

Sasa alikuwa langoni, na babu alikuwa anaitwa mwongo mbele ya watu.

"Kuna mwingine ana swali?" afisa aliuliza.

Ifrah alifungua mdomo. Akafikiria mama yake, akafikiria polisi, akafikiria wenzake darasani. Akaufunga.

Baada ya hapo zahanati ya karibu ilikuwa ng'ambo ya Industrial Area. Mzee Gordon alienda mara mbili. Mara ya pili alirudi akakaa nje ya mlango wake mwenyewe, hana nguvu ya kuufungua. Akasema ataosha kidonda nyumbani kwa maji ya chumvi. Wiki ya pili Kawsar alisikia harufu. Wiki ya tatu vijana walimbeba kwa blanketi hadi kwenye teksi, na huko hospitali wakamkata mguu chini ya goti.

Ifrah aliacha kula. Kawsar alidhani ni malaria. Siku ya tatu alimwekea sahani ya wali mbele yake na kusimama mlangoni.

"Hutoki hapa mpaka uniambie."

"Ni mimi niliandika, Mama."

"Uliandika nini?"

"Yale majina."

Kawsar alikaa chini kwenye sakafu, polepole.

"Na langu?"

"La kwanza kabisa."

"Kila siku nawatukana wale wa ofisi hapa jikoni," Kawsar alisema, "na wewe unanimiminia chai." Kisha akasimama. "Vaa. Twende kwao."

"Wakinifunga je?"

"Nitakuletea chakula. Vaa."

Ofisini walikaa kwenye benchi kutoka saa mbili hadi saa saba. Yule mama wa koti la bluu hakuamini. Alisema majina mia moja na arobaini hayawezi kuandikwa na mtoto, miandiko yenyewe si sawa. Ifrah akaomba karatasi. Akaandika majina matano kwa miandiko mitano, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Afisa aliangalia mpaka la mwisho, akaweka tableti mezani.

"Unajua hii imeshapitishwa na wakubwa?"

"Imepitishwa na mtoto wa Gredi ya Saba," Kawsar alisema. "Umemwona."

Ilichukua miezi minne. Karatasi zile zilifutwa, kikao kikaitishwa upya, na safari hii ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Walikataa. Zahanati ikafunguliwa tena, ingawa vitanda vilivyoondoka na lori havikurudi vyote. Jamil alihojiwa, akahamia mtaa wa Kware. Waliomtuma Jamil hawakuulizwa kitu mpaka leo.

Asubuhi ya kufunguliwa, Mzee Gordon alikuja na magongo yake mawili, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini. Baada ya mzee kuambiwa ukweli, Ifrah alikuwa amekwenda hospitali mara tatu, na mara zote mzee aligeukia ukuta. Leo alimsubiri langoni.

"Babu, nisamehe."

Mzee alipumua. Alikuwa amechoka na zile hatua mia mbili.

"Wewe si mtoto mbaya," alisema. "Hilo ndilo linaniuma. Mtoto mbaya ningemlaani, nimalizane naye."

Ifrah aliangalia chini.

"Niangalie. Yale majina uliyaandika kwa sababu mtu mzima alikudanganya. Lakini hata hivyo ulijua kwamba mwenye jina hayupo. Maoni ya mtu ni yake. Ukimjibia bila kumuuliza umemfunga mdomo, hata kama ni kwa karatasi ya mahudhurio tu. Hilo nakufundisha, nawe utawafundisha wenzako shuleni. Umenisikia?"

"Ndiyo, babu."

"Hilo nimesamehe. Ulienda ofisini ukasema, na si watu wazima wengi wanaoweza. Kwa sababu yako mlango huu uko wazi." Alisogeza gongo moja mbele. "Lakini siku ile, pale langoni, ulikuwa umesimama hapa kando yangu. Ulisikia nikiitwa mwongo. Siku ile hakuna aliyekudanganya. Ulijua, ukanyamaza, na mimi nilikuwa bado na miguu miwili."

Ifrah alianza kulia. Mzee hakumbembeleza.

"Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Si kesho, si ukishindwa kula. Siku hiyohiyo, wakati kuna kitu cha kuokoa."

Nesi aliita jina lake kutoka ndani. Mzee Gordon alikaza magongo, akageuka, akaenda zake mlangoni, hatua moja, kituo, hatua nyingine, bila kuangalia nyuma.