Kasiksi ya Mashahidi

Umurerwa alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, mkazi wa Ndosho, mjini Goma. Kila asubuhi alichota maji, akafagia ule mchanga mweusi wa volkano usiokwisha hata ukifagia mara kumi, kisha akavaa sare na kwenda shuleni. Lakini juma lile hakuwa na raha. Baba yake, Twagirimana, alikuwa amefariki miezi minne kabla, na sasa baba yake mdogo, Havugimana, alidai kwamba kiwanja chao ni mali yake. Hati ya ununuzi ilipotea siku mlima ulipolipuka na watu wakakimbia. Mama yake, Mukashyaka, alikuwa ameambiwa ahame na watoto wake kabla ya mwisho wa mwezi.

Mukashyaka hakulia sana. Alikata shauri kwenda Murara kwa Mama Wivine, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha jaji katika mahakama yao. Inasimuliwa kwamba siku yake ya kwanza kazini mzee mmoja aliingia, akamtazama, akauliza, “Mama, juge atafika saa ngapi?” Naye akamjibu, “Amekwisha kufika, muzee. Ukae.” Kwa miaka thelathini alizunguka mpaka Kibati na mbali zaidi, kwa pikipiki na kwa miguu, akiwaeleza wajane kwamba sheria inawatambua. Sasa alikuwa amestaafu, ila watu walikataa katakata astaafu. Kila Jumamosi aliwapatanisha sebuleni kwake, na wote walimwita Mama Juge.

Ijumaa, walipotoka shuleni, rafiki yake Bénie alimpa Umurerwa shauri. “Sema uliona papa yako akitia sahihi kwenye ile hati. Nani atajua?”

“Nilikuwa na miaka tano tu.”

“Kwani mutoto wa miaka tano hana macho?”

Jumamosi, kwa mwito wa Mama Juge, Havugimana alifika Murara na koti lililopigwa pasi vizuri. Mama Juge hakuwa amemaliza hata kuwasalimia, Umurerwa akasimama. “Mimi niliona. Papa alitia sahihi juu ya meza, ndani ya nyumba.”

Havugimana akacheka. “Nyumba gani? Ile siku parsele ilikuwa kiwanja cha mawe matupu. Nyumba ilijengwa mwaka uliofuata.”

Umurerwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake aliinamisha kichwa, kwa maana hakujua lolote kuhusu uongo ule. Mama Juge alimtazama mtoto bila hasira, akangoja.

“Nimesema uongo,” Umurerwa alisema kwa sauti ndogo. “Sikuona mutu akitia sahihi. Niliogopa tutafukuzwa.”

“Muzuri umeuondoa mwenyewe,” Mama Juge alisema. “Ungeushikilia, hakuna mutu angeamini neno lingine la mama yako. Sasa uniambie kile uliona kweli.”

“Niliona mirija tu. Nilikuwa kwa Mama Mukamugema, yule mwenye kutengeneza kasiksi. Nilimusaidia kubeba mirija mpaka kwenye parsele.”

Kasiksi ni pombe ya ndizi inayonywewa kwa mirija. Kwao, ununuzi wa ardhi haukamiliki mpaka mnunuzi atoe pombe na mashahidi wainywe. Wanaume hukaa na kunywa. Wanawake huitengeneza, huigawa, kisha hurudi nyumbani, na hakuna anayeandika majina yao popote.

Mama Juge alichukua simu, na baada ya muda Mukamugema akashuka kwenye pikipiki mlangoni.

“Mama Juge, kwa heshima yako,” Havugimana alisema, “mugawa pombe si shahidi. Mashahidi ni wanaume wenye kunywa.”

“Mwenye kunywa anasahau, Papa Havugimana. Mwenye kugawa anakumbuka. Mama, uliona nini?”

Mukamugema alijiweka sawa kitini. “Mununuzi ndiye anatangulia kunywa. Murija wa kwanza nilimupa Twagirimana. Huyu Havugimana alikaa kwenye benchi ya mashahidi, na alinung'unika kwamba kasiksi ilikuwa kidogo.”

Mama Juge akamgeukia Havugimana. “Mutu anaweza kunywa kasiksi ya mashahidi kwa parsele yake mwenyewe?”

Havugimana aliijua desturi hiyo kuliko wote waliokuwamo. Aliponywa pale, alikuwa ameshuhudia kwamba kiwanja ni cha kaka yake. Kosa lake ni kudhani kwamba, wanaume wa benchi ile wakiwa wamekufa au wamehama, hakubaki aliyeona.

“Haiwezekani,” alisema mwishowe. “Parsele ilikuwa ya mukubwa wangu.”

Mama Juge aliandika hati mpya kwa jina la Mukashyaka na watoto wake. Havugimana akatia sahihi. Kwenye orodha ya mashahidi, jina la kwanza lilikuwa la Mukamugema, naye aliomba asomewe mara mbili.

Walipokuwa wakiaga, Umurerwa aliomba msamaha. Mama Juge akamshika bega.

“Maisha yangu yote nimepigania mwanamuke akisema, asikilizwe. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni yako: useme kile unajua, hata kama ni mirija tu. Uongo wako ulikuwa mukubwa, na ulikaribia kutoa mama yako ndani ya nyumba yake. Ukweli wako ulikuwa mudogo, na ndio umemurudisha.”