Uzito wa Kiti cha Nyuma

Haya yalimkuta mjomba wangu, na msinicheke, maana mjomba si mtu wa kuona majini kila kona. Ni fundi pikipiki. Kitu kikilia, yeye hutafuta nati iliyolegea.

Asubuhi moja alikwenda kukagua pikipiki ya zamani iliyokuwa ikiuzwa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Watoto walitaka kumhamishia kwao ghorofani, na huko hapakuwa na pa kuiweka. Ilisimama sebuleni, ndiyo, sebuleni, kando ya kochi. Mjomba akaigusa injini kwanza. Ya baridi. Vizuri, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika ili iwake kirahisi. Akapiga kiki, ikawaka papo hapo. Hakuna moshi wa buluu, cheni imekaza, oili safi. Mjomba mate yakamjaa mdomoni.

Kisha akakandamiza kiti cha nyuma ili apime springi. Hakikushuka. Kilikuwa kimeshashuka hadi mwisho, na hapakuwa na mtu juu yake.

"Springi zimechoka, mzee."

"Hazijachoka, mwanangu. Ni mama watoto huyo. Hapo ndipo pake."

Mjomba akacheka. Mzee hakucheka.

Mjomba aliomba aende nayo gereji akazifungue. Mzee akasita, akakipangusa kiti kwa kiganja, taratibu.

"Ichukue. Ila uirudishe leo leo, fundi. Hatujawahi kulala mbalimbali."

Jioni springi zilikuwa mezani, hazina kasoro hata chembe. Mjomba akafunga mpya. Kiti kikashuka mbele ya macho yake, polepole, kama mama mtu mzima anavyokaa. Simu ikaita. Alikuwa mzee, anaulizia. Mjomba akamjibu kama mafundi wote wanavyojibu.

"Kesho, mzee."

Kesho yake mzee akapiga tena. Mjomba alikuwa ameshaing'ang'ania ile kazi, hataki kushindwa na springi. Akasema kesho tena. Mzee akakata simu.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, mjomba ameinama kwenye gurudumu. Gereji tupu. Akasikia mtu akinong'ona nyuma ya sikio lake.

"Mwanangu, nirudishe."

Akageuka. Hakuna mtu. Hakuuliza. Alipanda, akawasha, akaondoka hata bila kufunga mlango. Kwenye kona ya kwanza mikono miwili ikamzunguka kiunoni. Ya baridi. Hakuthubutu kutazama chini. Na njia nzima kulikuwa na kilio, cha chinichini, cha mtu anayejizuia. Aliyelia hakuwa mjomba.

Nyumbani kwa mzee, viti vilikuwa vimepangwa nje. Binti yake alitoka, macho yamevimba.

"Baba ametutoka alfajiri. Usiku kucha alikaa dirishani. Kila pikipiki ikipita anasema, huyo mama yenu anakuja."

Mjomba akakaa chini palepale. Watoto hawakutaka hata kuiona ile pikipiki. Wakamwambia aende nayo tu. Alipoiwasha, ile mikono ikamshika tena kiunoni. Mama alikuwa hajasikia habari ile.

Akaiweka gereji, na hakuna aliyeigusa. Lakini kila alipofungua asubuhi, aliikuta imegeukia mlango, alama za gurudumu ziko vumbini, za nyayo hazipo. Mjomba akawa hali chakula vizuri, usingizi hapati. Alijua anachotakiwa kusema na mdomo ulikuwa mzito. Utamwambiaje mtu habari kama ile, na wewe ndiye uliyemchelewesha?

Mwisho akavuta stuli, akakaa kando yake kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

"Mama," akanong'ona, "mzee ametangulia. Alikungoja. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema kesho."

Mjomba aliinamisha kichwa, akalia bila aibu.

Tangu siku hiyo pikipiki haijageukia mlango tena. Ila kiti cha nyuma kinalowa. Mjomba anakifuta, kesho yake kimelowa. Paa la gereji ni zima, na mvua ina muda haijanyesha. Juzi nilikwenda kumtembelea, nikakigusa kwa mkono wangu mwenyewe. Yale maji ni ya uvuguvugu.