Ng'ombe na Ndama wa Mwalimu Hasna

Haki ya Mungu, haya yote ni kweli. Anayebisha apande gari aende Bunda akaulize.

Misumari kwenye ukuta wa darasa ipo, kiroba hakipo. Inspekta Helena Machage akamgeukia Mwalimu Hasna.

"Kilichoibiwa ni kiroba cha unga?"

"Zana ya kufundishia, afande. Nilichora juu yake vishazi vya Kiingereza. Ng'ombe ni kishazi huru, anasimama mwenyewe. Ndama ni kishazi tegemezi, bila mama yake hafiki popote. Wakaguzi wanatoka Musoma, mchana wako hapa. Somo likiharibika, ukuu wa idara nausahau."

Helena, aliyekulia Butiama zizini, alielewa bila Kiingereza.

Kufuli lilikuwa zima. Akachuchumaa. Chini ya msumari palikuwa na nyuzi za kiroba, zimekatwa kwa mkasi. Mwizi gani huyu, anapunguza nyuzi kabla ya kukimbia? Akazitia kwenye bahasha ya vielelezo.

"Ufunguo unalala wapi?"

"Nyumbani, mkobani mwangu."

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani, sokoni." Hasna akasita. "Afande, Amini hajui hata gudimoning."

Walimkuta kibandani amekiinamia kiroba, midomo inachezacheza. Kingo zote ameshazipinda na kuzishona.

"Nyuzi ulikata za nini?"

"Kilikuwa kinafumuka, afande. Ningekibebaje vile?"

"Na kwa nini ulikiiba?"

"Nilikiazima jana. Asubuhi nakirudisha, nikakuta mmeshajaa darasani."

"Nimeuliza kwa nini."

Fundi akavua miwani. "Walimu wenzake wanakujaga nyumbani, wanapiga Kiingereza, wanacheka. Mimi nachekaga nikiona wao wamecheka. Nilitaka siku moja tucheke pamoja, mimi na mke wangu. Nimefikia kwenye ndama."

"Si ungeniuliza, baba Ikhlas?" alisema Hasna.

"Wewe ndiye ninayekuonea aibu."

Hasna akakunja kiroba, akakipakata. "Jioni funga mapema. Tutaanzia hapo kwenye ndama."

Helena akamwaga nyuzi mtaroni. Fundi akalia kama kichanga.

Nilipofika hapo nikisimulia, kwenye baraza letu la kahawa Musoma, mtu akakohoa nyuma yangu. Amini mwenyewe, kaja kununua vitambaa.

"Mzee Muharami, mimi nililia?"

"Kidogo."

"Na huyo afande katoka wapi? Alikuja mke wangu peke yake, tukacheka mpaka wateja wakatushangaa."

Baraza zima likanigeukia. Kahawa ya wote nimelipa mimi, na kashata juu yake.