Umerudi, Bwana?

"Baba, panda uchukue birika, ushuke. Usianze kuongea na kuta," Ibtihal alisema, amesimama kichochoroni na ufunguo wa gari mkononi.

"Kuta zina adabu kuliko wewe," Mzee Talaat akamjibu, wakacheka wote wawili.

Kesho mafundi wangeifunga nyumba ya tajiri Baduhaim, nyumba kongwe kuliko zote katika mtaa ule wa Jeddah. Talaat, mlinzi wake, alikuwa anahamia kwa bintiye. Lilibaki birika la kahawa la marehemu mkewe, kule juu kabisa. Alicheka, lakini moyo ulikuwa unamuuma. Tangu mkewe afe, hakuna aliyemwambia karibu akirudi nyumbani. Na sasa hata hiyo nyumba ya kurudi ilikuwa inamponyoka.

Chini, enzi za Baduhaim, makarani walipima kahawa na lulu. Juu, nyuma ya madirisha ya mbao zilizochongwa, walikaa wanawake. Ndiyo maana mwanamume akipanda hupaza sauti, "Ya Satir", yaani Ewe Msitiri, wasio maharimu zake wapate kujistiri. Nyumba ilikuwa tupu, lakini Talaat hakuacha kuita. Mazoea yana taabu.

"Ya Satir!"

Ghorofa ya kwanza, mlango ukajifunga. Taratibu.

Upepo huo, alijiambia.

"Ya Satir!"

Ghorofa ya pili, ikafungwa milango miwili. Kisha nyayo... nyayo peku, zinakimbia. Na harufu ya udi.

Watu wa mtaa walisema Baduhaim alisafiri kwenda Bombay kufuata mzigo, nyuma tauni ikaingia. Wake zake na mabinti wakafia humo humo wakimngoja, naye hakurudi. Talaat alikuwa akiwacheka wasemao hayo. Leo hakucheka.

"Ya... Satir..."

Ghorofa ya tatu, hakuna mlango uliofungwa.

Yote ilikuwa wazi. Gizani, sauti ya mwanamke ikanong'ona.

"Bwana... umerudi?"

Mwenye akili zake angeshuka mbio huku akisoma Ayatul Kursi. Talaat alilijua hilo. Lakini jamani, upweke ni maradhi. Ni miaka mingapi hajaulizwa swali lile?

"Nimerudi," akajibu.

"Karibu nyumbani. Wewe hatukufichi nyuso."

Mikono ikamshika mabegani. Mingi. Baridi.

Hakujua alishukaje. Alijikuta mlangoni, hana birika, jasho linamtiririka.

"Ibtihal! Twende, mwanangu, twende!"

Binti akageuka. Akamtazama usoni. Kisha akavuta mtandio haraka, akajifunika uso, akarudi nyuma.

"Samahani, bwana," alisema kwa adabu, kama asemavyo mtu na mgeni. "Huko ndani hujamwona baba yangu?"