Chumvi Isiyofika Kisimani

Soko la Kashaulili lilikuwa limefurika siku hiyo ya mwaka tisini na sita. Minza, muuza chai, kitenge cha manjano kimemkaa kiunoni, nusura ajikwae kwenye sanduku la kioo lililojaa mchanga.

"We kaka, watu wanatafuta riziki, wewe unacheza mchanga?"

"Sichezi, dada. Hii ndiyo ardhi ya Mpanda." Melkiadi, fundi wa maji, shati jeupe limerowa wino mikononi, akadondosha tone upande mmoja. Wino ukapenya taratibu kati ya chembe mpaka upande wa pili. "Maji huko chini yanatembea hivi."

Minza akacheka, akammiminia chai ya bure. Tusifichane, alikuwa amekwisha.

Miezi mitatu ikawa "mpenzi" asubuhi, "Mfipa wangu" jioni. Halafu Melkiadi akapima umbali wa choo na kisima cha kina Minza, akaupanga kwa kipimo kidogo kwenye sanduku lake, wino ukatoka upande wa choo ukafika upande wa kisima. Akaandika barua: kisima kifungwe. Kisima alichochimba marehemu baba, chenye maji ya chai ya Minza!

"Yaani unakunywa chai yangu, halafu unanifungia kisima?"

"Mpenzi, uchafu wa choo utafika kisimani, mama yako ataumwa..."

"Usiniite mpenzi. Toka!"

Melkiadi akapanda treni, akarudi ofisini kwake Tabora. Minza alimkumbuka mpaka akajichukia.

Siku moja mama yake, akiosha chungu, akasema, "Udongo wa chungu hiki baba yako aliutoa hapo kati ya choo na kisima. Udongo wa mfinyanzi mtupu, jembe liligoma."

Minza alikimbia posta.

"Alo! Melkiadi? Sanduku lako lilikuwa na udongo wa mfinyanzi?"

"Minza! Hapana, mchanga tu."

"Basi hiyo haikuwa ardhi yetu."

"Nimekosea, Minza. Nakuja."

Akaja, akachimba, akaukuta mfinyanzi usawa wa kifua. Akaupanga sandukuni, wino ukagota hapo hapo. Bado hakuridhika. Alimwaga chumvi chooni, akapima maji ya kisima kila asubuhi, wiki sita, Minza kasimama pembeni roho juu. Chumvi haikufika.

Minza akamchotea kata ya maji. "Kama una uhakika, kunywa."

Akanywa yote, akajifuta mdomo. "Ile barua nimeichana. Nimeandika nyingine, kwa mama yako." Akatoa bahasha.

Minza aliitazama, furaha ikamjaa mpaka machoni, akamrudishia.

"Posa hailetwi na mwenyewe, Mfipa wewe! Kamtafute mshenga. Mimi nateka maji ya chai yake."