Maji ya Njano ya Fundi Ng'arisha

Fundi Ng'arisha alikuwa na karakana nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kupaka vitasa na mabomba kromu, madini yanayong'aa. Kilichoingia kimechakaa kilitoka kinang'aa. Baada ya kuvichovya vyombo kwenye dawa ya kromu, alivisuuza kwenye pipa, na maji yake yakawa ya njano. Kila jioni aliyamwaga mtaroni.

Asubuhi moja mama mkwe wake alifika na bata kwapani. Alikuwa mstaafu wa maabara ya maji, akiishi nyumba ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bata huyu ana rangi gani?"

"Njano, mama."

"Jana alikuwa mweupe."

"Labda bado mdogo, mama. Vifaranga huwa wa njano."

"Ana miaka mitatu. Ana wajukuu!"

Mke wa fundi alicheka mpaka akashikilia mlango. Kisha akavaa glavu, akaenda kumwosha bata.

Mama hakucheka. "Ameogelea mtaroni mwako, na mtaro huo unapita kando ya kisima cha mtaa. Kromu ya njano ni sumu. Inaunguza ngozi, na inaweza kuleta saratani. Kuanzia leo mtu asichote pale mpaka kisima kipimwe."

Fundi akanywea. "Basi nitaongeza maji mengi, sumu ipungue."

"Utakuwa na sumu ileile kwenye ndoo nyingi zaidi!"

Jumamosi wote watatu walivaa glavu na miwani, wakaanza kuyasafisha maji ya pipa nje penye upepo, mama akiwaelekeza. Mke alitia asidi kidogo kidogo, mama akipima ukali wake kwa karatasi maalumu. Kisha fundi akatia kemikali ya unga iitwayo metabisalfaiti, akakoroga. Ghafla maji yakawa ya kijani.

"Nimeyaharibu!" Aliruka nyuma, akaangukia ndani ya ndoo ya maji safi.

"Umeyatengeneza," mama alisema. "Kromu kali imegeuka kuwa isiyo kali. Lakini bado imo majini. Sasa tuitoe. Toka kwenye ndoo, ulete chokaa."

Chokaa ilipoingia, tope la kijani lilianza kushuka. Kesho yake maji ya juu yalikuwa maangavu. Fundi akayachota kwa ndoo ayamwage.

"Weka chini! Macho yako si maabara."

Walipeleka sampuli ikapimwe. Majibu yalikuwa mazuri, ndipo maji yakamwagwa.

Kisima kilikaa miezi miwili kimefungwa. Muda wote huo fundi aliwabebea majirani maji kutoka bomba la mbali. Alikonda mpaka suruali ikahitaji kamba. Vipimo vitatu vilipokuwa safi, kisima kikafunguliwa, na majirani wakamsamehe.

Mafundi wenzake wakaja kujifunza. Aliwaeleza kila hatua, kifua mbele kama profesa. Mama mkwe alikaa mbele, akanyoosha mkono.

"Swali, mwalimu. Tope linakwenda wapi?"

Fundi alifungua mdomo, lakini mkewe akamwahi:

"Kwenye pipa lenye kifuniko! Wanalichukua wenye kibali cha taka za sumu. Na mwalimu akilisahau, atabeba maji tena."