Mihogo Migumu Chini ya Kapu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Clarisse alifagia uwanja, akawasha moto, kisha akamfunga mama yake kitambaa cha kushikilia mkono uliovunjika. Mama Pulchérie alikuwa ameteleza kwenye matope akitoka shambani, na muuguzi alimkataza kushika jembe mpaka mfupa uunge. Kwa mwanamke wa mji wa Baraka, huko Fizi nchini Kongo, anayeishi kwa kulima mihogo, kukatazwa jembe ni kama kukatazwa kula.

Hata hivyo, nyumba ile haikulala njaa hata mara moja, kwa sababu ya mama Aubin. Jina lake hasa ni Kezimana, mkimbizi kutoka Burundi. Alipofika Baraka akiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi, Pulchérie alimkatia kipande cha shamba lake na kumpa vipande vya miti ya mihogo vya kupanda. Tangu hapo walilima pamoja, wakacheka pamoja, na mihogo yao wakailowesha katika kidimbwi kimoja cha mto bila kuitenganisha. Sasa Kezimana alilima mashamba yote mawili, na jioni alikuja kupika. Pulchérie alipojaribu kumshukuru, alimkatiza.

“Nyamaza, dada. Siku nilifika hapa, mi nilikulipa nini?”

Clarisse alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijiamini kuliko jogoo. Kwa hiyo mama Aubin, ambaye mashamba mawili yalimchosha, alimpa kazi ya kutoa mihogo majini.

“Bonyeza kila mumoja,” alimwagiza. “Wenye unavunjika mukononi, toa. Wenye ungali nguvu, uache ulale tena mu maji. Ni mihogo ya uchungu, na mvua imefanya maji ikuwe baridi, inakawia kulowa.”

“Mi najua, mama Aubin. Nimezaliwa naona mihogo.”

Na kweli alijua. Kila mtoto wa Fizi anajua kwamba muhogo mchungu usiolowa vizuri humfanya mtu atapike na kupata kizunguzungu, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Lakini Jumamosi ile kwaya yake ilikuwa inajiandaa kwenda kuimba Fizi-Centre, na asiyefika mazoezini hangepanda lori. Clarisse alibonyeza mihogo ya juu, ikavunjika. Akabonyeza ya chini, ikakataa. Akatazama jua, akatoa yote. Ile migumu aliivunja vipande vidogo, akaiweka chini ya kapu, na laini akaiweka juu. Akajiambia kwamba jua litamaliza kazi ya maji.

Mihogo ilipokauka aliipeleka kwenye mashine ya kusaga. Mashine husaga chochote, haiulizi.

Jioni ya siku ile mama Marthe, jirani wanayesali naye, alikuja kumwona mgonjwa. Mama Aubin alikuwa nyuma ya nyumba akichochea moto, na mwanawe Aubin amekaa karibu naye akisubiri ugali.

“Pulchérie, mi nakuambia kwa mapendo,” mama Marthe alisema. “Kula kila siku mukononi mwa mutu wa kuja, si vizuri. Siku mutaumwa tumbo, mutasema nini?”

“Tutasema tumbo inauma,” Pulchérie alimjibu.

Clarisse, aliyekuwa kwenye mlango wa nyuma na sahani, alitaka kucheka, lakini akatazama jikoni. Maji yalikuwa yanachemka, na mama Aubin alikuwa ameingiza mkono katika unga mpya. Mtu akitapika usiku huu, hakuna atakayeuliza habari za kapu. Watasema ni mkono wa mama Aubin. Clarisse aliogopa sana. Hakuna aliyemwona pale mtoni, na angeweza kunyamaza.

“Mama Aubin, usisonge hiyo bugali,” alisema.

“Juu ya nini?”

“Mihogo ingine ilikuwa nguvu. Niliificha chini ya kapu. Nilitaka kuwahi kwaya.”

Mama Pulchérie na mama Marthe walisikia, wakatoka nje. Mama Aubin aliweka mwiko chini, akampakata mwanawe. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimuumiza Clarisse kuliko fimbo.

“Ulitaka nimulishe mutoto wangu hii, juu ya wimbo?”

Clarisse alilia. Mama yake hakumbembeleza. Mama Marthe ndiye aliyesogea, ametazama chini.

“Mama Aubin, kama tungeumwa leo, mi ningekuwa wa kwanza kusema ni we. Unisamehe.”

“Najua, dada. Nilikuwa nakusikia. Jikoni haiko mbali.”

Mama Marthe alikwenda kwake, akarudi na bakuli la unga wake mwenyewe. Alimkabidhi mama Aubin.

“Hii iko muzuri. Songa we. Mi leo ninakula hapa.”

Unga mbaya waliufukia shimoni, mbali na kuku. Kisha walikula ugali kwa sombe ya majani ya mihogo na samaki wadogo, ndakala, na mama Marthe aliongezwa mara mbili. Baada ya kula, Pulchérie alimwita binti yake.

“Unajua juu ya nini mi na mama Aubin hatutenganishe mihogo yetu? Juu kila mutu anajua mwenzake hawezi kuweka kitu kibaya chini. Urafiki wetu ni hivyo tu. We ulikaribia kuuvunja, halafu ukauokoa na mudomo wako. Kosea, lakini sema mapema, mbele mutu hajaumia.”

Kwaya ilikwenda kuimba bila Clarisse, kwa kuwa mama yake alimkataza. Siku lori lilipoondoka, mama Aubin alikuja na kapu tupu, akamwekea mikononi.

“Kidimbwi kimejaa tena. We ndo utatoa.”

“Mi tena?”

“Nani mwingine? Sasa unajua kweli.”

Clarisse alishuka mtoni, akabonyeza muhogo mmoja mmoja, na migumu akairudisha majini. Aliporudi, mama yake na mama Aubin walikuwa wameketi uwanjani wakichambua sombe, Pulchérie kwa mkono wake mmoja. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mwenyewe akaligeuza kapu juu ya mkeka, mihogo ya chini ikawa juu, wote wakaiona.